Anayerina Asali ya Damiano

Mwaka 1974 hapakuwa na mrina asali Inyonga nzima aliyetajwa kama Damiano. Kilabuni alisimulia alivyopanda miti mirefu kwa mkono mmoja, mwenge wa moshi mkono wa pili, nyuki wakimtambaa usoni naye hata kope hapepesi. Wanaume walimsogezea kata ya pombe, wakamwita Fundi.

Jambo moja hakulisimulia. Miaka mitatu nyuma tawi lilimkatikia, akavunjika paja. Paja lilipona, lakini tangu hapo akiinuka kidogo tu kutoka ardhini, hofu humrudisha chini. Aliyepanda ni mkewe, Marsela. Watu waliambiwa anakwenda kambini porini kupika tu, maana mwanamke kuugusa mzinga ilikuwa mwiko. Kule alivaa suruali ya mumewe, akarina mizinga arobaini, na yule simba wa kilabuni alishika kamba chini.

Ndipo bwana nyuki, ofisa wa serikali wa ufugaji nyuki, akaja kutoka Mpanda. Alitafuta fundi wa kufundisha vijiji vyote, akaelekezwa kwa Damiano, akataka amwone akirina mbele ya watu. Jioni kijiji kizima kikajaa chini ya mti wa mninga uliotundikwa mzinga. Damiano akapanda hatua mbili, akaukumbatia mti.

"Shemeji," akasema Antoni, kaka yake Marsela, "unaupanda au unauchumbia?"

Watu wakaangua kicheko. Ilibaki kusingizia mguu, arudi nyumbani akiwa Fundi yule yule. Akamtazama Marsela kati ya wanawake, akakuta ameshaandaa uso wa huruma, tayari kuubeba uongo huo naye. Damiano akashuka.

"Mimi sipandi," akasema. "Tangu nianguke sijapanda hata mara moja. Asali yote mliyokula karina mke wangu huyu. Mama Gaspar, njoo."

Wazee wakaguna juu ya mwiko. Damiano akawauliza ni nani kati yao aliyedhurika kwa asali hiyo. Wakampisha Marsela.

Marsela akapitisha kanga katikati ya miguu, akaikaza kiunoni, akapanda. Kila alipolipita tawi, wanawake walipiga vigelegele. Damiano akashika kamba, akamwita kwa sauti laini ambayo hakuna jirani aliyewahi kuisikia: "Polepole, mama. La kushoto limekauka."

Ndoo ikashuka imejaa masega. Bwana nyuki akatoa kalamu, akauliza jina la fundi.

"Marsela Kashinje," akajibu Damiano, macho yake yakiwa bado kule juu.