Walivyokata Kiswahili Kwenye Tangazo la Ng'ombe

Miaka ya kwanza ya uhuru nilisimamia ofisi ndogo ya redio ya umma pale Homa Bay. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya samaki, na mablanketi tuliyotundika ukutani kuzuia mwangwi yalinuka omena, dagaa wa ziwani. Tulirekodi kipindi cha wilaya, nusu Kijaluo, nusu Kiswahili, kisha tepu ikapandishwa basi kwenda mjini kwenye mitambo. Kijaluo kilikuwa lugha yangu na ya wasikilizaji wengi. Kiswahili kilikuwa cha Mkuria, Mkisii, Msomali muuza nyama na Mhindi wa duka kule Migori, karibu na mpaka, watu waliokata leseni ya redio kama sisi.

Kisha homa ya mapafu ikaingia kwa ng'ombe. Daktari wa mifugo alikuja mwenyewe ofisini.

"Tangaza soko la Migori limefungwa," akaniambia. "Atakayepeleka ng'ombe huko hatarudi nao. Tutawachinja."

Nikasoma kwa lugha zote mbili, polepole, nikatuma tepu.

Jioni ya kipindi niliketi kusikiliza. Kijaluo kilitoka chote. Kiswahili kikaanza, "Soko la Mi...", halafu kimya kidogo, halafu sauti ya mheshimiwa mmoja akihutubia juu ya umoja wa taifa. Walikuwa wamekata tangazo langu kwa mkasi ili yeye apate nafasi. Umoja wa taifa!

Baada ya siku ya soko, mama mmoja Mkuria aliingia ofisini, miguu imejaa vumbi. Alikuwa mjane. Maksai wake wa kulima, aliowapeleka Migori bila kujua, walichinjwa mbele ya macho yake.

"Dada, mimi nasikiliza hii redio kila jioni," akasema. "Nilisikia mnasema ng'ombe, ng'ombe, kwa Kijaluo. Nikangoja mseme na sisi. Mkaleta siasa. Sasa niambie, hii redio ni ya nani?"

Hasira ilinipanda. Nikampigia simu mkubwa wangu mjini.

"Hao wa mpakani ni wachache," akasema. "Tena si wana majirani Wajaluo? Wangewauliza."

"Bwana, mjane amepoteza maksai wake."

"Wewe soma unachopewa, mama. Mambo ya kukata tuachie sisi."

Nikaweka simu chini. Wiki iliyofuata nilimkalisha yule mjane mbele ya maikrofoni. Alisimulia yaliyompata, sentensi moja kwa Kiswahili, nami nikaifuata kwa Kijaluo. Yake, yangu, yake, yangu, bila kuacha pengo la kupitisha mkasi. Tangazo la soko tulilisuka hivyo hivyo. Nilijua kule mitamboni hawakuwa na subira ya kutenganisha sentensi moja moja. Wangekata yote au wangeacha yote, na kipindi kitupu wasingethubutu kukitoa hewani.

Kikatoka chote.

Mkubwa wangu alifika kwa gari la ofisi, akanifokea mbele ya wachuuzi wa samaki, eti nimegeuza redio baraza la malalamiko.

"Na ng'ombe waliochinjwa, nani alilalamika kwa niaba yao?" nikamuuliza.

Alinitoa kwenye maikrofoni siku hiyo hiyo, akanipeleka mjini kutunza tepu za zamani. Aliyeshika nafasi yangu aliendelea kusuka lugha mbili, kwa kuwa wasikilizaji walishazoea na wakubwa walichoka kugombana. Baadaye wakajisifu kwamba wazo lilikuwa lao.

Miaka ilipopita nilimkuta yule mjane sokoni Migori akiuza nafaka ya wimbi. Nikamuuliza kama anatusikia vizuri siku hizi.

"Redio niliuza," akasema. "Nilinunua jembe. Sasa nalima kwa mkono."

Akaendelea kupima wimbi. Hasira niliyopanda nayo basi siku ile ya kuhamishiwa mjini bado ninayo.