Treni ya Chumvi ya Bonaventura

Mzee Gervasi alistaafu kazi ya reli, lakini reli haikumtoka. Nyumbani kwake Gungu chumba kizima kilikuwa meza, na juu ya meza ile ilipita njia ya reli kutoka Kigoma hadi Tabora, yenye vichwa vya treni vinavyoenea kiganjani. Mchezo huo aliachiwa na mhandisi mmoja Mzungu wa bandarini aliyekuwa anarudi kwao, pamoja na kompyuta yenye programu ya kuuendesha mchezo. Majirani walisema mzee karudia utoto. Mwenyewe hakujali hata kidogo.

Kila Jumamosi alasiri walikutana watu watatu. Gervasi alikaa kwenye kompyuta, ndiye kontrola, mwongozaji wa treni zote. Programu ilipanga kazi: nani aendeshe treni gani, behewa lipi liachwe Kazuramimba, lipi lichukuliwe Uvinza. Abdulatif wa Ujiji, dereva mstaafu, alitaka treni za abiria tu, na akipangiwa mizigo alinuna mpaka jioni. Wa tatu alikuwa Bonaventura, fundi mwashi, mkimbizi aliyeingia kutoka Burundi miaka ya vita. Kwao hakuna reli. Treni ya kwanza maishani mwake aliiona stesheni ya Kigoma, akiwa na njaa. Lakini pale mezani hakuna aliyemfikia kwa utiifu, na karibu kila wiki programu ilimpa treni ya chumvi ya Uvinza. Alifurahi utadhani kapewa mshahara.

Gervasi alikuwa na sheria moja aliyotoka nayo kazini: mtu haachi treni njiani. Anaikabidhi kwa mdomo, mwenzake anapokea, kontrola anaingiza kwenye kompyuta, ndipo anainuka. Hata kwa kwenda chooni.

Mwaka ule kambi zilikuwa zinafungwa, na wakimbizi waliokuwa wakiishi mitaani bila kibali walikusanywa warudishwe kwao. Bonaventura hakuwa na kibali. Alichokuwa nacho ni mkewe Rozalia, Muha wa hapa hapa, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake kule Bangwe.

Jumamosi moja Abdulatif alichelewa, akaingia akihema. "Wanapita nyumba kwa nyumba! Wako hapo kwa muuza mkaa. Bona, toka kwa nyuma, upesi!"

Bonaventura akasimama. Treni yake ilikuwa katikati ya Uvinza na Kazuramimba. Gervasi hata hakuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Mazoea ya miaka yote yakamtoka mdomoni.

"Kabidhi kwanza."

"Ego, mzee," Bonaventura akaitika kwa Kirundi chake, akakaa tena. Akaanza kuyataja mabehewa: haya ya chumvi, haya matupu, hili breki mbovu. Abdulatif akapiga kelele kwamba amepokea, amepokea jamani! Lakini ile kompyuta kuukuu ilikuwa bado inajivuta, na Gervasi akanyoosha mkono kumzuia mwashi wake mpaka ikubali. Ilipokubali, mlango ulikuwa unagongwa.

Maofisa hawakuwa wakali. Walimwacha avae viatu, kisha wakampeleka kambini.

Gervasi alipofunga safari kwenda kambini kumwombea, aliambiwa msafara umeshavuka mpaka. Simu ya Bonaventura haikupatikana tena. Mzee hakulala vizuri tangu hapo, na chakula kilimshinda.

Kisha Rozalia akaja. Hakuwahi kukanyaga chumba kile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee Abdulatif ananiambia mume wangu alikuwa na nafasi ya kukimbia. Alikawia nini?"

Gervasi angeweza kudanganya, na wengi wetu tungemsamehe. "Alikuwa anakabidhi treni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Treni gani?"

Akamwonyesha. Rozalia akaokota behewa moja, jepesi kuliko kibiriti, akaligeuza juu chini, akachungulia ndani.

"Hii?" aliuliza. "Hii, mzee?"

Gervasi akaitika kwa kichwa.