Pamba ya Pacha wa Pili

Nakumbuka siku moja enzi za Zaire, mwanangu, siku ya chanjo ya surua pale kwetu Kamina, nilipobaki nyumbani kwa makusudi. Mama wenzangu walipita na watoto mgongoni, kadi zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Mimi nilijifanya nafua nguo.

Nilikuwa na pacha. Mmoja mzima, wa pili anachemka homa. Na kwetu Waluba pacha hupewa kila kitu pamoja. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, yule aliyenyimwa anaweza kukasirika akarudi alikotoka. Basi nikaamua wote wasubiri. Nilijiona mama mwenye akili kweli, na surua ilikuwa imeshaingia mtaa wa jirani.

Mama Ngoie, jirani yangu muuza samaki kutoka Kinkondja, alirudi na wajukuu wake kutoka zahanati, akaniuliza mbona hakuniona. Nikamweleza. Hakunicheka, wala hakuitukana mila. Alimfunga mgonjwa mgongoni mwake, akaniamuru nimbebe mwingine. Tulimkuta muuguzi anakusanya vifaa vyake.

Muuguzi alimchanja yule mzima. Wa homa akasema arudishwe baada ya wiki moja. Machozi yakanitoka palepale. Mama Ngoie akaomba pamba yenye spiriti, akampangusa mgonjwa mkono uleule aliochomwa mwenzake, taratibu kabisa.

“Sasa bote bamepata,” akasema. “Ile ya kweli tutakuya kubeba semeni ingine, ile wiki muuguzi amesema.”

Njiani nilimsifu, nikamuuliza ujanja ule kautoa wapi. Akamkaza vizuri mtoto mgongoni.

“Minyi pia nilizalaka mapasa. Moya alikuwa na homa, nikangoyesha bote. Surua njo ilikuya kubafanya sawasawa, bote babiri.”

Ndipo nikaelewa kwamba naye alizaa pacha, na surua ikawaua wote wawili. Sijamheshimu mtu maishani kama nilivyomheshimu mama yule. Angeweza kunigombeza, akachagua kunibebea mtoto. Na wiki ilipotimia, alikuwa mlangoni kwangu kabla sijaamka vizuri.

Kwa hiyo, mwanangu, mila ya mama yako usiidharau, ila isikufungie ndani siku ya chanjo. Mtoto akiwa na homa, mpeleke hivyohivyo, muuguzi ndiye aamue. Akikupa siku ya kurudi, rudi. Na jirani yako akibaki nyumbani, mfuate, umuulize kwa upole.

Mungu akupe watoto, mwanangu, na watoto hao ndio waje wakuzike wewe.