Kamba za Manowari ya Mhandisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia tupu la kukalia, vipande vitatu vya msasa na twiga kumi na wawili wasio na macho. Hapo ni Malili, kando ya barabara kuu ya Mombasa, katika banda la chama cha wachongaji. Mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alinipa mafunzo yote ya kazi kwa pumzi moja.

"Mbithe, hapa wanaume wanachonga, wanawake wanasugua. Mtalii akiuliza bei, unaniita mimi."

Ninyi mnaosomea ufundi miaka miwili na kupewa cheti chenye muhuri, msicheke. Kusugua nako ni kazi. Unaanza na msasa mkali unaokula mti, unamaliza na ule laini unaoteleza kama karatasi, na siku zote unafuata nyuzi za mti, yaani mistari yake ya kukua. Ukisugua kinyume, twiga anabaki na mikwaruzo, na mchongaji anakurudishia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kwa viganja vyangu nilijifunza kutofautisha mukau, mwembe na mwarobaini hata nikiwa nimefumba macho. Siku moja nilimwambia Mwenyekiti kwamba mkono wa msuguaji unaujua mti kuliko jicho la mchongaji. Alicheka hadi akakohoa.

Nilitaka kuwa fundi. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema, nililimeza kila asubuhi pamoja na chai. Lakini katika banda lile kila mtu alizaliwa na mnyama wake. Wa twiga alichonga twiga hadi uzee, wa simba alichonga simba, na mwanamke alizaliwa na msasa. Nilikaa pale miaka sita, nikasugua wanyama wa kujaza mbuga.

Kituo changu cha pili kilikuwa Kitui mjini. Karakana moja ya huko ilitengeneza mifano: nyumba za kuonyesha wateja kabla hazijajengwa, malori, makanisa, chochote kinachoweza kupunguzwa kikakaa mezani. Ilihitaji msuguaji mwenye mkono mwepesi, nikaenda. Mwenye karakana tulimwita Fundi Mkuu. Jina lake Mzee Abdalla, wa zile familia za asili ya Pwani zilizohamia Kitui zamani. Yeye alizaliwa palepale mjini na Kikamba chake kilishinda changu, ila babake alikuwa ameunda vyombo vya baharini, na maneno ya kazi ile mzee aliyatunza kichwani. Hakukata ubao bila kusema Bismillahi, na hakusifu kazi ya mtu hata mara moja. Kazi ikiwa mbaya alinyamaza. Ikiwa nzuri pia alinyamaza, lakini alikunywa kahawa.

Katika mwaka wangu wa pili pale akaja Mhandisi. Alikuwa Mholanzi aliyejenga mabwawa ya mchanga katika mito yetu mikavu hadi akastaafu, na Kiswahili chake kilikuwa cha vibarua wake. Aliweka mezani furushi la michoro.

"Fundi, mimi nataka meli ya vita ya zamani ya kwetu," alisema. "Ya nyumba yangu. Mimi narudi nyumbani mwezi wa kumi na mbili. Mababu walipanda hii. Mimi nimepanda Land Rover tu."

Ilikuwa manowari ya zamani kweli, yenye milingoti mitatu, matundu ya mizinga ubavuni na tezi iliyonakshiwa kama kitanda cha harusi. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Skeli ilikuwa moja kwa hamsini: sentimita moja ya mfano wetu ni sentimita hamsini za meli yenyewe. Muthama, mchongaji wetu mkubwa, akachonga kwanza mtu wa skeli ile, mfupi kuliko kidole changu kidogo. Tukamwita Kamundu, yaani kijitu. Kila mlango ukimalizika Kamundu alipitishwa, kila ngazi alipandishwa. Mlango ukimkwaruza kichwa, ulivunjwa ukajengwa upya. Hakuna mkaguzi niliyewahi kumwogopa kama yule.

Wachongaji wetu walikuwa wamezoea kuondoa: unachukua gogo, unatoa kila kisichokuwa simba. Meli haitaki hivyo. Fundi Mkuu aliwafundisha kulaza mkuku kwanza, ndio uti wa mgongo, kisha kusimamisha mataruma, ndizo mbavu, kisha kuzivika mbao nyembamba za mukau moja moja. Muthama alilalamika wiki nzima kwamba anajengeshwa mbuzi kuanzia mifupa. Kisha akafika kwenye omo, ambapo michoro ilionyesha simba mwekundu mwenye nywele za mawimbi, na huyu bwana alikuwa amechonga simba maisha yake yote.

"Ngai! Simba gani hii?" aliuliza. "Hii ni mbwa imesukwa nywele."

"Ndiyo simba yetu," Mhandisi alimjibu. "Sisi hatukuwa tumeona simba."

Tulicheka hadi Fundi Mkuu akatuamuru turudi kazini. Muthama alichonga simba aliyesukwa, na hadi leo sijaona mbwa mzuri kama yule.

Shida ilikuja kwenye kamba. Meli ile ilibeba kamba nyingi kuliko mbao: za kushikilia milingoti, za kupandishia foromali, ambazo ni miti ya kuning'iniza matanga, na ngazi za mabaharia. Kila moja na unene wake. Mafundi walijaribu uzi wa duka, ukatoa manyoya kama paka aliyenyeshewa. Wakajaribu nailoni, nayo ikajifungua yenyewe. Mchana mmoja nilikuwa kibarazani baada ya chakula, nasokota nyuzi za katani pajani kwa ajili ya kyondo, kikapu chetu, kama nilivyofunzwa na mama yangu. Fundi Mkuu alisimama mbele yangu na kikombe chake.

"Hiyo kamba umeinunua wapi?"

"Sijanunua, Mzee. Ni mimi nasokota."

"Waweza kuisokota nyembamba zaidi?"

"Naweza hata ya Kamundu kufungia viatu."

Hakucheka. Alikunywa kahawa. Siku iliyofuata msasa wangu ulipewa mtu mwingine, nami nikaketi mbele ya meli.

Mafundi hawakupenda. Muthama alisema mbele yangu kwamba meli si kikapu. Fundi Mkuu akawajibu, "Akiweza, atakuwa fundi kama ninyi, kwa mshahara wenu na kwa jina lenu. Akishindwa, atarudi Malili kwa twiga wake, nami nitamwambia Mhandisi kwamba kosa ni langu." Alilisema kwa upole, lakini sikulala vizuri wiki ile. Mzee aliyeheshimiwa mji mzima alikuwa ameweka jina lake juu ya paja langu.

Nilisokota kamba za unene wa namna saba. Nikaanza na mlingoti mkubwa wa katikati, na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo mwanaume hangelifanya kwa sababu hajawahi kusuka. Kyondo husukwa kwa kuzunguka, unaanza mahali na kwenda mbele bila kuruka, na kila uzi unauvuta hadi vidole viume, maana kikapu kilicholegea humwaga mbaazi njiani. Nami nikaizunguka meli vilevile. Nilifunga kamba zote tisa za ubavu wa kulia, nikazivuta kwa nguvu zangu zote, nikapanga kushika ubavu wa kushoto baada ya chakula. Nilijiona bingwa.

Mchana ule mvua ikaja. Ilikuwa ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, na asiyejua Kitui hawezi kujua maana yake. Karakana nzima ilitoka nje. Muthama aliinua uso akafungua kinywa, kinamama wa sokoni walipiga vigelegele, na Fundi Mkuu, kanzu imemganda mwilini, alikuwa akicheka peke yake. Nami nilicheza pia, miguu matopeni. Madirisha tuliyaacha wazi, maana nani angemfungia mgeni kama huyo?

Kutoka ndani tukasikia: ta!

Katani ikinywa maji hufupika. Nililijua jambo hilo tangu utoto, kwa kamba za kufungia mbuzi, lakini halikunijia akilini. Mvua iliyoingia madirishani ilikuwa imezilowesha kamba zangu tisa, zikajivuta zote upande mmoja, bila wenzao wa kushindana nao, na mlingoti mkubwa ulikuwa umelala juu ya sitaha, umevunjika katikati. Nje vigelegele viliendelea. Zilibaki siku nane Mhandisi aje.

Nilitazama chini nikingoja kuambiwa nifunge mzigo. Fundi Mkuu aliokota kipande cha mlingoti, akatazama palipovunjikia, akafuta maji usoni.

"Mama Kyalo," aliniita kwa jina la mwanangu, "kikapu chasimama kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nimekaza, Mzee."

"Na mlingoti wasimama kwa sababu umevutwa huku na huku kwa haki. Kulia moja, kushoto moja. Ukimpendelea mmoja, umemuua." Kisha akaongeza, "Siku nane. Malili ni mbali, na nauli imepanda. Afadhali ufaulu."

Nililia, nasema kweli, halafu nikafanya kazi. Muthama, bila kuombwa, alichagua mukau ulionyooka nyuzi na kuchonga mlingoti mpya kwa siku mbili. Aliuweka mezani kwangu akasema, "Nimekuletea mwingine uvunje." Hapo nikajua ameshakuwa rafiki.

Mimi nilikaa nikiwaza. Kufunga kwa zamu, kulia na kushoto, nilikuwa nimefundishwa. Lakini mvua ingekuja tena, na kule meli inakokwenda, Mhandisi mwenyewe alisema, hunyesha hata siku za harusi. Kamba ilibidi imalize ukaidi wake kabla ya kufungwa. Basi nilisokota nyingine zote upya, nikazilowesha, nikazitundika zikiwa mbichi na jiwe mwishoni mwa kila moja, nikaziacha zikaushwe na jua. Zilipokauka nililowesha tena, nikatundika tena. Mwisho nikanunua nta ya nyuki kwa muuza asali, nikaipitisha kwenye kila kamba kwa vidole hadi maji yakidondoka yanateleza. Halafu nikafunga: moja kulia, moja kushoto, nikipima mkazo kwa kugusa kwa kucha na kusikiliza kama zinalia sawa.

Siku ya nane asubuhi kazi ilikuwa tayari. Mhandisi alipiga simu kwamba ameshavuka daraja, anakuja. Fundi Mkuu alifika na birika la maji, nikadhani anataka kupika chai. Akasimama juu ya meli, akasema Bismillahi, na akaimiminia kamba zangu birika zima.

"Aiee, Mzee!" Muthama alipiga kelele.

Maji yalitiririka kwenye foromali, yakadondoka kutoka kwenye ngazi, simba mwekundu akalowa masikio. Tulisimama tukiutazama ule mlingoti kama watu wanaomtazama mgonjwa. Fundi Mkuu aliweka uzi wenye kipande cha risasi kando yake, ile timazi ya waashi, na kuinama. Mlingoti haukusogea hata unywele. Alikaa hivyo hadi tukasikia gari la Mhandisi mlangoni.

Mhandisi aliingia, akaona maji mezani na meli inayodondoka.

"Imetoka baharini?" aliuliza.

"Imetoka," Fundi Mkuu alijibu. Akanionyesha kwa mkono wote, si kwa kidole. "Na huyu ndiye fundi aliyeifunga."

Sijui Mhandisi alisema nini baadaye. Niliambiwa aliimba. Mimi nilisikia neno moja tu, na nilikuwa nimelingoja tangu Malili.

Nilifanya kazi Kitui hadi Fundi Mkuu alipofariki, Mungu amrehemu. Kituo changu cha mwisho kilikuwa mji wa Wote, katika chuo cha ufundi, nikifundisha vijana mifano na kamba. Mkuu wa chuo wa kwanza aliniuliza cheti changu kiko wapi. Nilimwomba alete birika. Tulielewana baadaye, na wasichana niliowafundisha sasa wanashika tezo, shoka dogo la kuchongea, mbele ya wanaume bila kuomba ruhusa ya mtu. Hilo linanifurahisha kuliko meli zote.

Sasa niko nyumbani Kilungu, kwa machungwa yangu na magoti yanayotabiri mvua kuliko redio. Vijana huniuliza nini siri ya kazi. Siri sina. Kosa nililolifanya nililipenda sana, nikalitazama pande zote, nikajifunza mle. Ujuzi hauzeeki, ila mwenye ujuzi huzeeka, kwa hiyo njooni mniulize mapema.

Juzi binti wa Mhandisi alinipata kwa simu kupitia chuo. Babake ni mzee sana, hatoki nyumbani, na meli iko dirishani kwake. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba kwao mvua haijakatika tangu mwezi uliopita, na paa limevuja palepale juu ya meza, maji yakaingia kila mahali. Nilimuuliza jambo moja tu, kama mlingoti mkubwa umesimama.

Nilisikia hatua zake zikienda, zikakaa, zikarudi.

"Umesimama," alisema. "Baba anacheka."