Fundi Cherehani Anayesoma Mijadala ya Bunge la Marekani

Saa mbili asubuhi, cherehani ya miguu inanguruma katika chumba chenye mlango mmoja. Simu yenye kioo kilichopasuka imeegemezwa kwenye kopo la vifungo. Sauti inayotoka ndani yake inasoma, kwa Kiingereza cha taratibu, mjadala uliofanyika katika Bunge la Marekani zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Ghafla fundi anaondoa mguu. Sindano inasimama katikati ya pindo.

"Huyo amemkatiza mwenzake," anasema, akirudisha sauti nyuma. "Ngoja nisikie amemkatizia wapi."

Mtaani wanamwita Seneta. Jina hilo alilipata kwa wifi yake, anayeshona kwenye cherehani ya pili, na wateja wakalidaka. Mama mmoja anachungulia mlangoni asubuhi hii.

"Seneta, gauni langu limepita au bado linajadiliwa?"

"Limepita, shoga. Limebaki vifungo tu."

Seneta aliacha shule akiwa kidato cha pili, mama yake alipougua na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Alipovuka umri wa miaka thelathini alirudi darasani, katika masomo ya jioni ya watu wazima, akiwa na mtoto mgongoni. Kutoka hapo alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi chuo kikuu, kwa masomo ya mbali, akasomea siasa na historia.

Alichagua kuandika tasnifu yake kuhusu mafundi cherehani wa Marekani na sheria zilizogusa saa zao za kazi. Kikwazo kikawa vitabu. Kitabu kimoja tu kiligharimu sawa na kushona sare za darasa zima.

"Nikasema basi, mwenye njaa na mwenye shibe hawalingani," anakumbuka. "Mwalimu wangu akanionyesha hifadhi za nyaraka za bure mtandaoni. Nilidhani ananitania. Hotuba za marais, magazeti ya zamani, mijadala ya bunge, vyote viko wazi na hakuna anayekuuliza wewe ni nani."

Amejifunza kuzitumia kwa akili ya fundi. Hupakua maandishi matupu, kwa kuwa picha za kurasa humaliza bando upesi. Picha huziacha hadi Jumamosi, anapokwenda maktaba ya umma yenye intaneti ya bure. Yaliyo marefu huyasikiliza akikanyaga cherehani, mikono ikiwa kazini.

Hata hivyo, wingi wa nyaraka hizo ulikaribia kumponza. Katika makabrasha ya mwakilishi mmoja wa zamani wa bunge hilo alikuta hotuba kali ya kuwatetea washona nguo. Aliipenda mno, akajenga tasnifu yake yote juu yake: kwamba hotuba hiyo ndiyo iliyogeuza mjadala wa saa za kazi. Zikiwa zimesalia wiki mbili kabla ya kuwasilisha, mwalimu alimpigia simu.

"Mama, waliomjibu siku hiyo ni akina nani?"

Seneta alifungua kumbukumbu rasmi za kikao, akasoma siku ile, ya kabla yake na ya baada yake. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hotuba haikutolewa. Aliyoipata ilikuwa rasimu. Mwakilishi mwenyewe aliiandika, akaiweka, akanyamaza.

"Nilikuwa nimekata kitambaa, nikatangaza kwamba gauni limevaliwa," anasema, akicheka sasa. Siku ile hakucheka. Asingewasilisha kwa wakati, angerudia mwaka mzima, na karo ya mwaka mwingine hakuwa nayo. Wifi yake alimkuta ameinamia meza.

"Wifi, si uache tu? Wamarekani wenyewe hawajui kama unawasoma."

"Hawajui, lakini mimi nawajua. Nishikie sare hizi, wifi yangu. Wiki mbili tu."

Wifi alisonya, kisha akazivuta sare upande wake. Alishona za wote wawili.

Seneta hakuitupa rasimu. Aligeuza swali: kwa nini mtu aandike maneno mazito namna ile, kisha asiyaseme? Alirudi kwenye magazeti ya mwezi huo, akaona jinsi wenye viwanda walivyokuwa wakimsifu mwakilishi huyo na kumtisha kwa zamu. Kimya kile kikawa ndicho kiini cha kazi yake. Aliwasilisha mchana wa siku ya mwisho, uzi ukiwa bado umenasa kwenye mkono wa blauzi.

Wiki iliyopita alitetea tasnifu hiyo mbele ya jopo, akafaulu kwa alama za juu. "Kosa lile lilimuumiza," anasema mwalimu wake. "Ila hakulificha. Aliliandika katika sura ya kwanza ili wanafunzi wengine wajihadhari. Najivunia kumsimamia."

Wifi naye hajambo kwa majivuno. Kila mteja anayeingia anapewa habari kabla ya kupimwa kiuno.

Sasa Seneta ana mpango mwingine. Amekwenda ofisi ya baraza la mji kuuliza mihtasari ya vikao vya zamani inahifadhiwa wapi. Alionyeshwa chumba chenye majalada yaliyoliwa na mchwa pembeni. Ameomba ruhusa ya kuyapiga picha na kuyaweka mtandaoni, bure, na amepewa Jumamosi zote.

"Wamarekani wameyaweka maneno yao wazi, hata mimi nikayasoma," anasema. "Ya kwetu yanaliwa."

Wifi anakata uzi kwa meno. "Haya, Seneta. Ukishayaweka huko, atayasoma nani?"

Seneta anaelekeza kitambaa chini ya sindano na kuanza kukanyaga.

"Yupo fundi cherehani huko Marekani," anasema. "Atayasoma."