Twyla, mgeni wa watoto wachanga mabondeni

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelala bondeni. Twyla Hensley anaegesha gari kando ya kijito, kwa kuwa daraja la mbao mbele yake haliaminiki. Anabeba mfuko wa vitabu vya picha na kumalizia safari kwa miguu, kwenye tope.

"Hodi kwa Mullins!"

"Ni yule yule," anasema mwanamke mzee ndani. "Mfungulie kabla hajaota mizizi."

Kwa miaka tisa Twyla, 53, amekuwa akizitembelea nyumba zenye wajawazito na watoto wachanga katika milima ya jimbo la West Virginia, Marekani. Hana sindano wala dawa. Anakaa sakafuni, anacheza na mtoto, anamsikiliza mama. Alipoanza, mpango huu wa kuzitembelea familia ulikuwa katika wilaya chache. Leo umeenea jimbo zima, na bado wapo akina mama wanaosubiri zamu.

Nyumba hii haikumpokea kirahisi. Machimbo ya makaa yalipofungwa, mume wa Kelsa Mullins alifuata kazi jimbo jirani la Ohio, akamwacha mkewe na kichanga. Siku ya kwanza Twyla alipobisha hodi, Kelsa aliongea naye kupitia dirisha.

"Umetumwa na serikali kumchukua mwanangu?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kumwona tu. Na wewe pia."

"Umeshaniona. Haya, nenda."

Twyla alikwenda. Wiki iliyofuata alirudi, mvua ikinyesha, na bibi yake Kelsa, Verna, akamfungulia. "Hata mbwa hatumwachi kwenye mvua," alisema.

Mtoto, Harlan, alikuwa msafi na ameshiba. Lakini nyumba ilikuwa kimya. Kelsa alimnyonyesha huku akitazama ukuta. Hakuwa akilala, na chakula kilikuwa hakipiti.

"Nilimwogopa mwanangu," anakumbuka Kelsa, ambaye sasa ana miaka 22. "Nilidhani ameshagundua kwamba mimi si mama wa maana."

Twyla hakumhubiria. Alimpeleka kliniki kutibiwa huzuni inayowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua, akawa anarudi kila wiki. Siku moja akamwambia, "Ongea naye."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mnapika nini leo?"

Verna akaangua kicheko jikoni. "Mtoto wa miezi mitatu aambiwe habari za maharage! Babu yenu nilikaa naye miaka arobaini, sikupata jibu."

Kelsa akainama. "Harlan, bibi ameunguza maharage tena."

Mtoto akamkazia macho. Miguu ikatulia. Kinywa kikafunguka: "Aguu."

Kelsa akajaribu tena. Harlan akangoja mama amalize, ndipo akajibu.

Verna akaweka mwiko chini. "Jamani," alisema taratibu, "kumbe kuna mtu mle ndani!"

Kelsa alilia, kisha akaongea na mwanawe mpaka maharage yakaungua kweli.

"Nimeyaona haya mara nyingi, na bado mwili unanisisimka," anasema Twyla. "Kiumbe hata shingo haijakaza, lakini anajua kungoja zamu yake ya kuongea. Nani alimfundisha?"

Mwezi ujao Kelsa anaanza mafunzo ya kazi hii hii. Ndoto ya Twyla ni kila bonde litembelewe na mtu wa bonde hilo hilo, anayejua nani ni mtoto wa nani.

Kelsa ameshamchagua mama wa kwanza atakayemtembelea: binti anayeishi na baba yake kule barabara inakoishia, aliyebakiza wiki chache kujifungua.

"Namjua. Hatafungua mlango," anasema, akimfunga Harlan kamba za viatu. "Nitakaa barazani kwao niongee na tumbo lake."