Nalea Watoto Wazima Tu

Mtoto wa kwanza niliyempokea kumlea nyumbani kwangu alikuwa na ndevu.

Msicheke. Kisa hiki sijakitia chumvi, na wallahi hakihitaji.

Naitwa Alawiya, nakaa Bofu, Likoni. Miaka sita nilikuwa yaya wa mtoto wa watu kule Nyali. Mtoto alipoanza shule, mwenye nyumba akataka nibaki nifue na kupika. Nikasema la. Nitalea watoto sebuleni kwangu, niwe bosi wangu mwenyewe.

Mume wangu Faki alikuwa na kazi ya ghalani Changamwe. Tungeishi kwa kazi yake mpaka wateja wangu wapatikane. Nikaacha kazi bila wasiwasi.

Matayarisho yakachukua miezi miwili na ushei. Nikashona mapazia ya vipepeo. Nikanunua vikombe vyenye picha ya bata. Kahaso, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, akaniambia atakuja Ijumaa kukagua. Akiridhika, atawaelekeza akina mama wa kliniki kwangu. Asiporidhika, nifunge.

Jumapili, kabla sijaanza, jirani akaniletea mtoto ana tetekuwanga, vipele mpaka kwenye kope. Nikamrudisha kwa adabu. Kisha nikachukua rangi, nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa:

NALEA WATOTO WAZIMA TU.

Maana yangu, wasio wagonjwa.

Jumatatu saa moja asubuhi, hodi. Ni mama mwenye duka la mtaani.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mtoto."

Nikamtazama mgongoni. Hakubeba kitu. Nikatazama chini. Hakuna. Nyuma yake kasimama mwanawe Mbwana, miaka arubaini na moja, kashika mfuko wa mahamri.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyu?"

"Bi Mwanasaumu, huyu ni mtu mzima!"

"Ndivyo ulivyoandika! Kwani mimi sijui kusoma? Watoto wazima tu. Nikasema alhamdulillahi, leo kuna aliyetukumbuka sisi."

Akanieleza shida yake. Yeye akienda dukani, Mbwana huenda maskani kwa wenzake kutafuna mugoka, yale majani ya kulevya, mpaka magharibi. Alitaka ashinde mahali penye mtu wa kumwangalia.

"Uji anakunywa. Sukari kidogo tu, ana meno mabovu."

Nikafungua mdomo nimweleze maana ya bango. Mama wa watu ameshapinda kona.

Mbwana akachungulia dirishani mpaka mamake alipopotea. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Dada, atarudi saa ngapi?"

Ningelifuta bango siku ile ile. Sikulifuta. Hakuna mtoto mwingine aliyekuja, na mimi nilitaka sana Kahaso asikute nyumba tupu. Huo ulikuwa upumbavu wangu, nakiri.

Habari za mtaani hazina breki. Jumanne akaletwa Abdulghani, fundi wa simu asiyekuwa na simu ya kutengeneza. Jumatano Nguma akaletwa na dadake, pamoja na barua: "Asiangalie mpira, anapandwa na hasira."

Nilifanya nini? Nililea.

Saa nne uji, kwenye vikombe vya bata. Saa saba usingizi, kwenye mikeka midogo, miguu ya Mbwana ikitokea nje ya mlango. Mama mmoja alipita na mtoto mchanga mgongoni, akaiona ile miguu, akaongeza mwendo.

"Dada Alawiya!" Abdulghani akaita. "Nguma kanichukulia upande wa feni!"

"Mwongo! Yeye ndiye aliyenisukuma!"

Nikamweka Nguma kwenye kona dakika kumi. Akasimama, jamani. Mtu ana upara, kasimama kaangalia ukuta.

Ijumaa Kahaso akaingia na fomu zake. Akakuta wanaume watatu wamelala chini ya mapazia ya vipepeo.

"Alawiya, watoto wako wangapi?"

"Watatu."

"Wako wapi?"

Nikaonyesha kwa kidole. Kahaso akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Kabla hajasema neno, hodi tena. Ni mama mkwe wangu, katoka Jomvu Kuu, kamshika mtu mkono.

Mtu mwenyewe ni Faki. Mume wangu. Aliyetoka alfajiri na ovaroli yake, akasema anawahi feri.

"Mwanangu Alawiya, niwie radhi sikupiga simu. Nimesikia wapokea watoto wazima. Basi na huyu mpokee, mimi nimechoka naye. Miezi miwili hii, tangu kazi yake iishe, ashinda kwangu na redio, hata usingizi wa mchana sipati. Yawaje ulee wana wa watu, na mumeo nilee mimi?"

Nikashika kikombe cha bata kilichokuwa karibu.

"Miezi miwili?" nikauliza.

Mama mkwe akamwachia mkono mwanawe. "Kwani hukumwambia?"

Faki anaangalia buti zake. Kahaso, kalamu hewani, akauliza taratibu, "Na huyu nimwandike?"

Nilitaka kurusha kikombe. Nikakirusha. Faki akainama, kikampata Nguma kichwani, naye akaamka akilia, "Dada, leo sijafanya kitu!"

Hakuna aliyecheka.

"Kazi iliisha wiki moja baada ya wewe kuacha yako," Faki akasema. "Pesa za nyumbani nimekuwa nikikopa. Nilikuja nikwambie, wallahi. Nikakukuta juu ya kiti, unapima mapazia, unaimba. Alawiya, tangu nikuoe sijawahi kukusikia ukiimba. Ningeanzia wapi?"

Nililia mbele ya watu wote, kwa hasira na kwa huruma, na hata leo sijui ipi ilizidi.

Kahaso akafunga fomu. "Hawa watoke. Bango lifutwe. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo, na nikukute na watoto walio watoto."

Wakatoka. Mbwana aliomba kwanza amalize uji.

Bango alilifuta Faki mwenyewe, mimi nikiwa nimemnunia. Siku mbili sikusema naye. Siku ya tatu tukaenda pamoja mlango kwa mlango kuwaeleza akina mama, na Ijumaa Kahaso akakuta watoto wanne, mkubwa wao ana miaka miwili. Nikapita.

Faki aliniongopea, na hilo sijamsamehe lote. Lakini katika miezi miwili ile, kila jioni nilimuuliza kama kanunua maziwa. Kazini kulikuwaje, sikumuuliza hata mara moja.

Kwa hiyo wenzangu, mkipata jambo la kuwafurahisha, geukeni mumtazame mliye naye ndani. Wangu alikuwa akivuka feri kila alfajiri kwenda kujificha kwa mamake, ili mimi niendelee kuimba.